Asali ya Taya

Harufu ya Mzee Kapela ilikupokea ukumbini, hata mlango hujaugusa. Dakta Chausiku Pazi alikuwa amesomea magonjwa ya kinywa, taya na uso, akatumbua majipu ya kila rangi, akadhani pua yake imekwisha kufa ganzi. Wapi! Kila asubuhi alisimama nje ya chumba kile, akashika ukuta, akajikaza kisabuni. Kidonda cha kawaida mtu hukizoea. Hiki kilinuka nyama iliyosahaulika kwenye sufuria yenye kifuniko, na juu yake asali, kwa sababu kituo kizima kilinukia asali, na ule utamu ndio uliomharibia tumbo hasa. Alimeza kilichompanda kooni, akasukuma mlango.

"Mwangaluka, Mzee," alimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka." Neno lilitoka pande mbili, mdomoni na shavuni. Upande wa kushoto wa uso wa mzee, chini ya sikio kuelekea kidevuni, palikuwa na tundu la kuingiza kidole gumba, na kingo zake zilikuwa laini na nyekundu kama midomo mingine. "Umechelewa. Au ulikuwa nyuma ya mlango unatapika, we Mzaramo?"

"Nilikuwa nakuombea ufe, Mnyamwezi, angalau pua yangu ipumzike."

"Sifi ng'o! Nitakuzika wewe kwanza, nicheze ngoma juu ya kaburi lako."

Alicheka, na kile kicheko kikamtoa uzi wa usaha ulioteremka hadi shingoni. Chausiku aliukinga kwa kitambaa, akageuza uso kidogo, akaurudisha. Kugeuza kabisa ilikuwa mwiko. Manesi wa mwanzo walizoea kumwambia, "Leo unanukia vizuri, Mzee," naye akawa anawarushia bakuli. Siku aliposikia kwamba daktari mpya ni Mzaramo, mtani wake tangu enzi za mababu waliopokezana mizigo ya misafara, alidai asiguswe na mwingine. Mtani ana ruhusa ya kukusema usoni, kukutukana, hata kubeba kitu chako akaenda nacho na usimfanye lolote. Na uso ule ulihitaji mtu mwenye ruhusa.

"Unanuka leo kuliko jana," Chausiku alisema.

"Ahsante, mjukuu wangu. Wengine wote ni waongo."

Ukutani palikuwa na kisanduku walichokiita Pua. Kilivuta hewa ya chumba, kikapima kilichomo, kisha kikasema kwa sauti nyororo ya kike: "Hali ya shamba ni ya kuridhisha. Mavuno yanaweza kuanza."

Nesi Gaudensia, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alisogeza kikombe cha kioo chini ya tundu. Chausiku alibonyeza taya kwa vidole viwili, kutoka nyuma kuja mbele, kama mtu anayekamua ng'ombe. Ukatoka usaha wa kijani, mzito, wenye vipande vipande, kisha maji ya rangi ya chai, kisha damu kidogo. Mzee Kapela alifumba macho, vidole vyake vikalikamata shuka. Hakuchomwa ganzi. Ganzi iliwadhuru walaji.

Walaji ndio waliokuwa utajiri wa mji wa Ikonongo. Dawa za zamani za kuua bakteria zilikuwa zimeishiwa nguvu kabla Chausiku hajazaliwa, na jino bovu likarudi kuwa kifo: jipu linaanza kwenye ufizi, linashuka chini ya ulimi, shingo inavimba ikawa ngumu kama ubao, na mtu anakosa pumzi huku macho yanaona. Kitu pekee ambacho bakteria walikuwa bado wanakiogopa ni walaji, virusi wadogo mno wanaoingia ndani ya bakteria, wakazaana humo, wakampasua. Lakini walaji hawawekeki kwenye chupa wakabaki na makali. Bakteria hubadilika kila uchao, na mlaji asiyeishi nao akashindana nao husahau namna ya kuwatafuna. Katika maabara zote mashindano hayo yaliisha, upande mmoja ukafa. Katika taya la Mzee Kapela, mrina asali aliyekuja kituoni kung'olewa jino, hayakuisha. Bakteria hawakushinda, walaji hawakushinda, na mfupa wake ukawa uwanja wao. Kilichokamuliwa kilichujwa, kikazungushwa kwenye mashine mpaka kikawa maji meupe, kikachanganywa na asali ya msituni na kugawiwa mji mzima. Tone moja chini ya ulimi kila Ijumaa, na mdomo wako hauvimbi. Watu waliiita asali ya taya.

Kila mtu alijua inatoka wapi. Walijua, wakameza, wakalamba na kijiko.

Chausiku naye alimeza, angefanyaje? Kila Ijumaa alishika kijiko, akaukumbuka ule uzi wa usaha, akameza, akashinda na kichefuchefu mpaka jioni. Ila kilichomchefua kuliko vyote kilikuwa vinywa vya Ikonongo. Tangu matone yaanze, watu walikuwa wametupa miswaki. Usugue meno kwa nini, na jipu haliji? Walitafuna sukari guru kutwa kucha, wakalala nayo shavuni kama watoto. Msichana mzuri, amependeza, amejitanda kanga, anacheka, mara unaona visiki vyeusi! Meno yalimomonyoka bila kuvimba, yakaacha fizi za rangi ya ini, na ukipanga foleni sokoni ulijua nani amesimama nyuma yako bila kugeuka. Loo! Na uozo wote huo, taya moja ndilo lililokuwa limeubeba.

*

Siku ya Ridhaa iliangukia wiki ileile. Sheria ya mji ilitaka mzee aulizwe mbele ya watu, kila mwaka, kama anakubali kuendelea, ili asije mtu akasema amefungwa. Ua wa kituo ulijaa kina mama na watoto mgongoni. Kwaya ilimvisha mzee kilemba cha ukoka kwa wimbo mrefu wa kumwita ukuta, ngao, baba wa vinywa vyote, na waliokaa mstari wa mbele waliimba huku wameziba pua kwa kanga. Chausiku aliviona vyote viwili, kanga na wimbo.

Mama Nyanzala, Mwenyekiti wa Baraza la Dawa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee.

"Baba yetu, shikamoo. Watoto hawa wanaishi kwa ajili yako. Je, unaridhia kuendelea kuwa shamba letu?"

Mzee Kapela aliwatazama kina mama, akatazama na vile vichwa vidogo mgongoni mwao. Midomo yake ilitetemeka, yote, hata ya shavuni. Kisha akamtafuta Chausiku kwa macho katikati ya watu, akanyoosha kidole.

"Mnaniuliza mimi? Muulizeni yule Mzaramo! Yeye ndiye mwenye ng'ombe. Mimi nikamuliwe tu mpaka mfupa ubaki mweupe, na mfupa wenyewe mchemshie supu!"

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Chausiku naye akacheka, ndivyo mtani anavyotakiwa, akamrudishia papo hapo: "Supu ya Mnyamwezi nani ainywe? Ina jasho la mizigo!" Wakacheka tena, wengine wakapigana vibega. Mama Nyanzala aliinuka, akafuta machozi ya furaha kwa ncha ya kitenge, akatangaza, "Ameridhia!" Ngoma zikalia, vigelegele vikafuata, na mzee akarudishwa chumbani akiwa amebebwa na kiti chake kama bwana harusi.

Gaudensia alipotoka kwenda kuchemsha vyombo, mzee alimwita daktari wake kwa jina. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Chausiku."

"Naam, Mzee."

"Mimi sikuridhia."

"Mzee, umesema mbele ya watu wote."

"Nilikutania wewe. Maneno niliyomwambia mtani wangu, wao wameyafanya jibu." Alipangusa shavu kwa kiganja. "Ningesemaje sitaki, mwanangu? Yule mama wa mbele ana mapacha. Nimtazame machoni, nimwambie watoto wako shauri yako? Ulimi umenigoma. Nikasema, huyu mtani wangu ananijua, atasikia kilio kilicho ndani ya mzaha, atasimama anisemee. Na wewe ukacheka."

Uso ulimchoma Chausiku kama aliyepigwa kofi. Mwaka jana pia mzee alitania, na mwaka juzi, na kila mara ua ulicheka ukaenda nyumbani umeridhika. Watu hawa ambao hata mahari walijua kuitenganisha na utani, walikuwa wamepokea uhai wa mtu kwa mzaha na hakuna aliyeshtuka.

"Unataka nini, Mzee?"

"Nifunge. Nataka ninywe maji yasitokee shavuni. Nataka mtu aje kukaa na mimi asishike pua. Basi."

Chausiku aliwasha taa ya paji la uso, akaingiza chuma chembamba kwenye tundu, taratibu. Ndani palikuwa na kitu kinachocheza. Kipande kirefu cha mfupa kilikuwa kimekufa, kimejitenga na taya, kinaelea kwenye usaha. Aliposogeza taa aliona jambo la pili: ngozi chini ya jicho la kushoto ilikuwa imeanza kung'aa na kujaa. Alibonyeza, kidole kikaacha shimo. Ugonjwa ulikuwa unapanda. Ukishaingia nyuma ya jicho, safari yake inayofuata ni ubongo, na hapo hakuna daktari.

Kukata mfupa uliokufa, kukwangua mpaka kufikia mfupa unaotoa damu, kusafisha kwa maji ya chumvi, kuvuta nyama juu yake, kushona na kuacha mrija kwa siku chache: hiyo ilikuwa kazi aliyoifanya mara nyingi. Taya lingepona. Na siku lingepona, hakuna mlaji ambaye angebaki hai humo.

*

"Alikuwa anatania," Chausiku alimwambia Mama Nyanzala ofisini kwake.

"Baraza linafuata maneno, Dakta. Alisema akamuliwe." Mama Nyanzala alikuwa na donge la sukari guru shavuni, analihamisha huku na huku, na kila alipofungua kinywa pumzi yake ilivuka meza ikamkuta Chausiku mahali pake. "Hebu nikuulize na mimi. Unajua ulimi unavyokuwa mtu akivimba chini yake?"

"Najua, Mama."

"Unajua vya kusoma. Mimi nilizika wadogo zangu wawili. Wa mwisho nilimshika mkono, ulimi umetoka nje, mweusi, hauwezi kurudi. Ananitazama tu. Hata kuniaga hakuweza." Donge lilisimama shavuni. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikubembeleza. "Tangu asali ianze, sijamzika mtu kwa jino. Hata mmoja. Sasa wewe niambie, mzee mmoja, au wao wote?"

Chausiku aliweza kusema la daktari tu.

"Atakufa vilevile. Maambukizi yanapanda jichoni. Mwaka huu haumalizi."

"Tunajua. Pua ilishatuambia." Mama Nyanzala alianza kutafuna tena. "Ndiyo maana tumeandaa mwingine. Yule binti Tabu, wodi ya wanawake. Jino lake la nyuma limeoza vizuri sana, tone la Ijumaa hapewi, na ile dawa anayosukutulia asubuhi ina walaji wa mzee, wachache tu. Nimeagiza asing'olewe. Acha liive."

"Liive?"

"Taya lake bado changa, Dakta. Litatufaa miaka mingi."

Alilisema kama mtu anayesifia ndama. Chausiku alisimama, akasahau kuaga, akatoka nje mpaka kwenye mtaro wa maji machafu, akainama. Ilikuwa Ijumaa. Alitapika tone lake, na baada ya tone akatapika chai, na baada ya chai akatapika nyongo tupu, njano, chungu. Wapita njia walimpa pole. "Pole, Dakta, ni joto," alisema mmoja, na meno yake yalikuwa meusi.

*

Tabu alikuwa msichana wa kuchambua tumbaku, mashavu yake hayalingani, la kulia limejaa kama ameficha limau.

"Dakta, shikamoo. Kila nikiuliza jino linang'olewa lini, naambiwa nisubiri. Ninasubiri nini?"

Chausiku alikaa kitandani kwake, akamwambia. Hakumficha kitu: taya, kikombe cha kioo, kiti cha kubebewa, wimbo. Tabu alisikiliza huku mkono wake unapanda polepole mpaka ukafunika shavu.

"Kama yule babu?"

"Kama yule babu."

"Aka! Ning'oe. Ning'oe sasa hivi, hata bila ganzi."

Alimpa ganzi. Jino lilitoka na kifuko cha usaha kinaning'inia kwenye mzizi, na harufu iliyokifuata ilikuwa ileile ya chumba cha mzee, changa tu. Chausiku alipasua ufizi, akaukamua wote, akaosha kwa maji ya chumvi mpaka maji yakatoka meupe. Tabu alitema, akalia, akatema tena. Chausiku akamwamuru Gaudensia ampe chupa ya matone iliyobaki ya wodi, ili shavu lile lishuke bila wasiwasi.

Gaudensia alimtazama. "Halafu tunakwenda kwa mzee, sivyo?"

"Si lazima uje."

"Miaka yote nimeshika kile kikombe, Dakta. Nikifika kwangu naosha mikono kwa majivu, haitoki." Alichukua kitambaa cha kuifungia Pua mdomo wake wa bati, isije ikasema. "Twende."

Mzee Kapela alipoona vyombo vya upasuaji alijiinua kwenye mto.

"Unanitania?"

"Leo sikutanii, Mzee. Lakini nikuulize kwanza, na unijibu kama usiye mtani wangu. Nikikufunga, matone yanakwisha. Kuna watu watakufa. Siwezi kukudanganya kwamba nitawaokoa wote."

Mzee aligeuza kichwa, akasikiliza. Nje kwaya ilikuwa bado inaimba, imehamia sokoni.

"Najua," alisema. "Kila ulipokuwa unanibonyeza nilikuwa najua. Nifunge, Chausiku, na usiniulize mara ya pili, kwa sababu mara ya pili nitashindwa."

Akamlaza usingizi. Akapanua tundu kwa kisu, na humo ndani, Mungu wangu, mlikuwa na uozo wa miaka! Usaha ulimwagika hadi kwenye viatu vyake. Alivuta ule mfupa uliokufa kwa koleo. Ulikuwa wa kijivu, umetobokatoboka kama mkate ulioliwa na mende, na ulipoachia ulitoa sauti ya mguu unaochomoka kwenye tope. Gaudensia aligeuka, akatapika pembeni, akanawa, akarudi kushika taa. Chausiku alikwangua. Alikwangua mpaka mkono ukafa ganzi, mfupa mchafu, nyama mbovu, ute, mpaka chuma kikagusa kitu kigumu na tone la damu nyekundu, safi, likachomoza. Alilitazama lile tone akataka kulia. Akaosha kwa chumvi, akaosha tena, akapitisha mrija chini ya kidevu, akavuta nyama, akashona.

Walikuwa wanafunga bandeji Mama Nyanzala alipoingia na askari wa mji nyuma yake. Tabu alikuwa amekutwa langoni akienda nyumbani, akaulizwa nani aliyemng'oa jino.

"Umeiba mali ya mji!" Mama Nyanzala alipiga kelele. Kubembeleza kote kulikuwa kumemtoka. "Mkamate huyu!"

"Mali ya mji?" Chausiku alivua glavu, moja moja, zinadondosha. "Taya ni la mtani wangu. Kidonda ni cha mtani wangu. Mimi nimekichukua. Tangu lini mtani akashtakiwa kwa alichochukua kwa mtani wake?"

"Huu si wakati wa mzaha!"

"Ridhaa mliipokea kwa mzaha, Mama. Mzee alinitania mimi, mkaandika sheria. Utani ulikuwa na nguvu mlipoutaka nyinyi. Basi na mimi natania. Nikamateni."

Askari, kijana wa Kinyamwezi aliyenyoa upara, alitazama mzee aliyelala, akatazama ile bandeji nyeupe, akakuna kichwa.

"Mama, hapa ametuweza," alisema kwa aibu. "Nikimfunga mtani kwa kitu cha mtani wake, nyumbani nitaeleza nini? Hata kwenye msiba wangu hawatakuja." Akarudi nyuma mpaka ukutani, akasimama hapo kama hana hili wala lile.

Mama Nyanzala alibaki peke yake katikati ya chumba. Alipumua kwa kinywa, na Chausiku akapokea pumzi ile yote.

"Na watakaovimba?" aliuliza, sasa polepole. "Wale mapacha? Utawatania na wao?"

"Waleteni mapema. Nina kisu, nina mrija, nina chumvi. Na waambieni watu wapige mswaki."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, akaona yalivyo membamba.

*

Chupa za mwisho ziliisha. Miswaki ilirudi sokoni, ikauzwa kama njugu, na foleni ya kung'oa meno ikazunguka kituo. Chausiku na Gaudensia waling'oa mpaka ndoo zikajaa visiki, na harufu ya foleni ile ilikaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Wengi waliokuja mapema walipona. Watu walimtukana njiani kisha wakaja kumfungulia vinywa.

Sizya, fundi wa mizinga ya nyuki, hakuja mapema. Ndugu zake walimficha ndani wakizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta aliyebakiza tone. Walipomleta, shingo na kidevu vilikuwa kitu kimoja, chekundu na kigumu, ulimi umesukumwa juu mpaka kwenye meno, mate yanamwagika kifuani. Alikuwa ameketi, hawezi kulala, anavuta hewa kwa sauti ya mlango mbovu. Chausiku alitoboa koo akaingiza mrija ili apumue, akapasua chini ya taya pande zote mbili. Ulitoka usaha mweusi, wenye mapovu ya hewa, unaonuka choo. Aliosha. Akakata tena, chini zaidi. Uozo ulikuwa umeshashuka kifuani, mahali ambapo kisu hakiendi. Sizya alimtazama, hakuweza kusema lolote, na mchana ule, mkono wake ndani ya mkono wa Chausiku, akafa.

Chausiku alinawa, akanusa vidole, akanawa tena. Kisha akapita chumba cha pili, kwa sababu mrija wa Mzee Kapela ulitolewa asubuhi na alipaswa kuuangalia mshono.

Mzee alikuwa ameketi. Shavu lake lilikuwa kavu, limefungwa, mstari mweusi wa nyuzi tu. Alinukia sabuni ya kufulia.

"Nani yule aliyekuwa anakoroma?"

"Sizya. Fundi mizinga."

"Namjua. Alinichongea mizinga yangu. Amekufa?"

"Amekufa."

"Kwa tone angepona?"

Chausiku angeweza kusema haijulikani. Madaktari husema hivyo kila siku, na si dhambi kubwa.

"Angepona, Mzee."

Mzee Kapela alitazama ukuta uliomtenganisha na chumba kile. Kilio cha ndugu kilikuwa kimeanza. Mkono wake ulipanda hadi kwenye shavu, ukapapasa mshono, nyuzi moja baada ya nyingine, na Chausiku akasimama bila kupumua, akiogopa atakachoambiwa akifanye.

"Nina njaa," mzee alisema.

Gaudensia alileta uji wa ulezi. Mzee alilishika bakuli kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akanywa. Koo lake lilipanda likashuka. Hakuna kilichotoka shavuni, hata tone. Alisita, akajigusa kuhakikisha, kisha akanywa kwa pupa, huku machozi yanamtiririka na ukelele wa mama yake Sizya unapita juu ya ukuta, na hakuacha kunywa.

Chausiku alikuwa bado na usaha wa Sizya chini ya kucha. Alimtazama mzee mpaka bakuli likaisha, na kile kinyaa alichokizoea kikampanda kutoka tumboni, na hapa hapakuwa na harufu yoyote ya kukileta. Alikuwa amefurahi. Mtu amelala chini ya shuka chumba cha pili, na yeye amesimama hapa, amefurahi.

"Niongeze," mzee alisema.

Alipokea bakuli, akaenda kumwongeza.